Kitambaa cha Ta Byabato kiko rafu ya juu

Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na saba. Wengine husubiri mpaka mgongo uanze kuuma, lakini mimi nimestaafishwa na mama. Aliyaona matokeo yangu ya mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, akayaweka mezani kwa vidole viwili kama samaki anayenuka, akasema, "Duka au fizikia, Koku. Chagua kimoja." Nilipofungua mdomo nichague, akasema ameshanichagulia.

Kwa hiyo Siima na Faidhi, nyie mnaozichukua zamu zangu za Jumamosi na likizo, haya ndiyo ninayowaachia. Siima ni binti wa Shangazi mwenyewe, mwenye duka, hawezi kufukuzwa. Faidhi, wewe unaweza, kwa hiyo soma kwa makini zaidi. Habari za vyeo na mshahara nitaziruka. Cheo hakikuwepo, na mshahara ulikuwa chai na andazi, na andazi lenyewe lilikuwa linapotea siku nikichelewa.

Nilianza kazi nilipomaliza darasa la saba, nikisubiri kwenda sekondari. Shangazi Kemi alikuwa ndiyo kwanza amehamia Bukoba kutoka Mwanza, alikokulia, na alikuja na wazo: kuwatafuta watu wanaofanya kazi za mikono huko vijijini, Bukoba na Muleba, kununua vitu vyao na kuviuza mjini, na kwa simu kwa watu wa mbali. Vikapu, mikeka, miiko, vivuli vya taa vya maganda ya mgomba. Hakuna plastiki hata ya dawa. Juu ya mlango aliandika "Rafiki wa Mazingira". Siku ya kwanza mzee mmoja alisimama akasoma, akaniuliza huyo Mazingira ni mtoto wa nani.

Duka lenyewe ni nusu ya duka la Bibi Zarina, kama mjuavyo. Babu yake Bibi Zarina alitoka India akajenga jengo lile, na zamani mtaa mzima ulikuwa wa jamaa zake wauza nguo. Sasa amebaki yeye, binamu mmoja mwenye duka la vipuri, na paka. Kihaya chake ni kizuri kuliko cha Shangazi, na hakuna siku aliyoacha kutukumbusha.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Asubuhi ile ya kwanza aliingia bwana mmoja mwenye shati la kupigwa pasi, akachukua kikapu, akakigeuza. Mimi nikaona kimya kinazidi, nikamwambia kikapu hicho kimesukwa na mama wa Izimbya, kimekaza mpaka hata maji hakivujishi. Yule bwana akafungua chupa yake akamimina. Maji yakaishia kwenye viatu vyake.

Alipoondoka, Bibi Zarina akaniita kule kwenye cherehani yake.

"Mtu alikuwa ameshika kikapu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Mikono yake ilikuwa inaongea na kikapu. Wewe ulikwenda kuingilia mazungumzo ya watu. Mteja akishika, nyamaza."

Hiyo ndiyo sheria ya kwanza, na ndiyo iliyonishinda miaka yote. Nyamazeni. Mteja akiuliza, jibuni. Akicheka, chekeni. Akishika, hesabuni vigae vya dari.

Mengine ni ya kawaida. Mkeka unakunjwa kwa kuviringisha, usikunjwe kama shuka, utavunjika. Kikapu kinachonuka moshi wa jikoni kianikwe barazani, lakini si siku za mwisho wa mwaka senene wakianguka, maana mtakuta kimejaa panzi hao na majirani wanawagombea. Picha mpige asubuhi, upande wa baraza wenye kivuli, na karibu na kikapu mweke ndizi moja ili mtu wa mbali ajue ukubwa wake. Mteja mmoja wa Dodoma aliwahi kuuliza bei ya ndizi. Fimbo ya chuma ya kupimia nguo ni ya Bibi Zarina, msiikwarue, msipigane nayo. Najua mtapigana nayo.

Na mkienda kutafuta mafundi, msiulize kijijini nani anasuka. Kila mtu atasema yeye. Ombeni maji ya kunywa, muingie ndani, mtazame kile ambacho hakiuzwi. Kitu kizuri hakikai barazani kusubiri wageni, kiko jikoni kimebeba karanga. Kuna mama wa Izimbya tulimpata hivyo. Baadaye hoteli moja ikataka vikapu vyake dazeni, vyote saizi moja. Akaniuliza kama nimewahi kuona mwanamke aliyezaa watoto kumi na wawili wanaolingana. Hoteli ikapokea walivyozaliwa.

Mzee Rwegasira wa Ijumbi, Ta Rwegasira kwa heshima, ndiye fundi pekee tuliyempata kwa masikio. Tulikuwa tumefuata mikeka, mimi na Shangazi, mvua ikatukimbiza kwenye banda la mtu, na ndani ya banda tukasikia ko, ko, ko. Mzee amekaa chini anaponda gome la mti kwa nyundo ya mbao yenye matuta. Alianza nalo likiwa jembamba kama mkanda mpana, na kadiri alivyoponda likatanuka, likalainika, likawa kitambaa. Akatuonyesha kingine alichokwisha kukianika juani: chekundu kama udongo wa barabara ya Muleba, laini, hakina uzi hata mmoja.

"Hiki ni orubugo," akasema. "Kitambaa cha mtoma."

Nyuma ya nyumba, katikati ya kibanja cha migomba na mibuni, ilikuwepo mitoma yenyewe, mitatu. Baba yake alichomeka fimbo tatu ardhini, zikawa miti. Ukiuvua mti gome lake kwa adabu, haufi. Unaufunga majani ya mgomba kama mgonjwa, nao unaota gome jingine, na mwaka unaofuata unauvua tena. Shangazi alisikiliza akatoa machozi. Maneno "rafiki wa mazingira" alikuwa ameyaandika mlangoni miaka miwili mizima, na sasa aliyaona yamesimama kwenye kibanja yakidondosha mvua.

"Ipigeni picha haraka," Ta Rwegasira akasema. "Ikifika Krismasi haitakuwepo."

Mwanawe Deo, anayefanya kazi Mwanza, alikuwa amempigia simu. Akija Krismasi atakuja na msumeno wa mashine. Mitoma haileti kitu, inaziba jua, ataikata apande mikaratusi. Na kweli ilikuwa haileti kitu. Vitambaa vilikuwa vimejaa kwenye dari yake, panya wanalala juu yake kama wafalme.

"Na kama vikianza kununuliwa?" Shangazi akauliza.

"Deo ni mtoto mzuri. Akiona mti una kazi, hataugusa."

Basi tukachukua mzigo, na hapo ndipo kazi ikawa ngumu. Tulitengeneza pochi, zikanunuliwa na wageni watatu waliokuwa wanapita kwenda Rwanda. Tulitengeneza mifuko ya daftari, nikaenda nao shuleni, na wenzangu wa darasa wakaona ni gunia. Mwezi wa kumi ukaisha. Ndipo akaja mama mmoja wa Kashozi anayemwoza binti. Alitaka kupamba meza za sendofu, sherehe ya kumuaga, kwa kitu cha asili. Siku hizi kila sherehe inataka asili, ila spika ziwe kubwa. Akaona orubugo, akashika, na mimi, kwa mara ya kwanza maishani, nikanyamaza. Akaagiza meza zote za ukumbi.

Bibi Zarina hakuwepo. Alikuwa amekwenda Mwanza kutolewa mtoto wa jicho. Angekuwepo, habari hii ingeishia hapa, na sisi tungelala vizuri.

Tulikwenda Ijumbi kumweleza Ta Rwegasira. Nyundo ikasimama hewani.

"Vitambaa vya meza," akasema.

"Ndiyo, Ta," Shangazi akajibu.

"Meza ya kulia chakula."

"Ndiyo, Ta. Watu wengi."

Akamtazama Shangazi, akanitazama mimi, akarudi kuponda. "Watu wa mjini, mnaijua kazi yenu wenyewe."

Sisi tukadhani ametubariki.

Niseme ukweli, ukumbi ulipendeza. Meza nyekundu, maua meupe, vijana wote wanapiga picha. Mimi nilikuwa nagawa soda. Kisha wakaingia wazee, na mbele yao Ta Byabato, babu mdogo wa bibi harusi, mrefu kiasi kwamba aliinama mlangoni. Akakaa. Akaweka mkono juu ya meza. Mkono ukatembea kidogo, ukasimama. Akainua pembe ya kitambaa akainusa. Sahani ya pilau ilikuwa juu yake.

"Jamani waitu," akauliza kwa upole, kwa sauti ya mtu anayeuliza choo, "maiti yuko wapi?"

Mimi ndiye niliyekuwa karibu yake. Sheria ya Bibi Zarina ilinijia kichwani, nikaiona kabisa. Nikasema, "Bado hajafika, Ta."

Wazee wote wakasimama kwa pamoja, kama kanisani. Walikula nje, ukutani, chini ya matone ya paa, wamevaa suti na sahani mkononi, kama watu wanaosubiri basi. Bibi harusi alilia mpaka kope zake za kubandika zikaanguka kwenye keki. Mimi na Shangazi tulivua meza zote kabla ya hotuba ya kwanza.

Ndivyo tulivyojifunza kile ambacho kila mtu wa rika la Ta Byabato anakijua. Zamani Wahaya walivaa orubugo, kisha pamba ikaja, na kitambaa kile kikabaki na kazi moja tu: kumfunga maiti. Shangazi alikulia Mwanza, mimi nimekulia mjini, na misiba niliyoiona ni ya jeneza limefungwa. Tulikuwa tumewaandalia watu pilau juu ya sanda.

Tukarudi Ijumbi tumejikunja.

"Kwa nini hukutuambia, Ta?" Shangazi akauliza.

"Nyie mlisema mnaijua kazi."

"Lakini ulijua."

"Mtu mwenye mitoma mitatu na mtoto mwenye msumeno hachagui mteja," akasema, akageukia nyundo yake. Hakuwa na hasira. Alikuwa anaponda polepole tu, kama mtu asiye na haraka ya kumaliza.

Shuleni wakaanza kuniita Sanda. Mjini duka likapata umaarufu tusioutaka, na akina mama wakawa wanapita upande wa pili wa barabara. Senene wakaanza kuanguka, maana yake Krismasi iko njiani. Bibi Zarina akarudi na jicho limefungwa bandeji, tukamsimulia, akacheka huku amelishikilia jicho lisitoke.

"Shangazi yako nilimwambia ajifunze Kihaya," akasema. "Angalau angejua anauza nini."

Jumamosi moja mvua inanyesha, mlango ukazibwa na koti refu. Nilimtambua kwa kuinama kwake. Nikaingia nyuma ya mikeka.

"Yule binti wa soda yupo?" Ta Byabato akauliza.

"Koku, toka," Shangazi akasema, yule msaliti.

Nikatoka. Nikapiga magoti kumsalimia, chini zaidi ya kawaida.

"Uliniambia maiti bado hajafika."

"Ndiyo, Ta. Naomba unisamehe, Ta."

"Basi nimefika. Nipimeni."

Akavua koti, akakaa kwenye benchi, akatueleza. Mwaka uliopita walimzika kaka yake. Alitafuta orubugo mpaka Kamachumu, akaambiwa mafundi wamekwisha. Ikabidi wamfunge blanketi la dukani, lile lenye picha ya chui.

"Kaka yangu alikuwa mwoga hata wa mbwa," akasema. "Sasa amelala na chui. Mimi nilikwisha kata tamaa, halafu nakikuta chini ya pilau."

Shangazi akakataa kumpima mtu aliye hai. Alisema mkono wake hauwezi. Bibi Zarina akachukua fimbo yake ya chuma, akamwambia mzee alale kwenye benchi.

"Nimewapima suruali nusu ya wanaume wa mji huu," akasema akimzunguka kwa jicho moja. "Huyu ndiye wa kwanza ambaye hatarudi kulalamika kiuno."

"Nitarudi," Ta Byabato akasema, macho ameyafumba. "Ongeza miguuni."

"Kwani utarefuka?"

"Wewe ongeza. Kitanda changu nimelala miaka yote miguu ikiwa nje."

Hakutaka kilichokuwa rafu, kwa kuwa kilikuwa na kiraka na harufu ya vitunguu. Alitaka kipande kizima cha mti mmoja, na mti auchague mwenyewe. Tukampeleka Ijumbi. Aliizunguka mitoma mitatu akiipiga makofi kama mtu anayenunua ng'ombe, akachagua wa katikati. Ta Rwegasira alikwenda kuleta kisu, na nikaona anatembea haraka, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

Sisi hatukutangaza. Ta Byabato alitangaza mwenyewe, kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa wazee wenzake, wale wale waliokula ukutani. Ikawa kila wiki anaingia mmoja dukani, anavua kofia, anasema kwa sauti ya chini kwamba ametumwa na rafiki yake, na rafiki huyo bahati nzuri ana urefu sawa na yeye. Miaka yote ile tulikuwa tumewatafuta wateja kwenye simu, na wateja walikuwa wanaishi Kashozi na hawana simu.

Siku mbili kabla ya Krismasi tulikuwa Ijumbi kuchukua mzigo. Ta Byabato alikuwepo na wenzake wanne, wamekaa kibanjani na rubisi yao wanagombana.

"Huu wenye kovu ni wangu."

"Wako ni ule pale. Ulisema hutaki wenye kovu."

"Nilisema wakati sijaona kovu lenyewe."

Deo akatokea na viatu vyeupe na msumeno wa mashine begani. Ikambidi auweke chini, asalimie mzee mmoja mmoja, na nyie mnajua salamu zetu hazina njia ya mkato. Alipomaliza nilimwonea huruma, alikuwa ameshachoka.

"Wazee wangu," akasema, "nimekuja kuikata hii miti."

Nyundo ndani ya banda haikusimama. Ko, ko, ko. Wote wakamtazama Ta Byabato.

"Kata, mwanangu," Ta Byabato akasema. "Ila sisi ni watano. Ukimaliza utununulie mablanketi. Langu lisiwe na chui."

Deo akatazama wale wazee, akatazama mti wa pembeni ambao gome lake lilikuwa limevuliwa asubuhi ile, mweupe na umelowa. Akatazama banda. Mimi nilikuwa na mzaha mzuri sana ulimini. Nikahesabu majani ya mgomba.

"Baba," Deo akaita. "Hivi vitambaa vyote ni vya hawa?"

"Na wengine wanakuja Jumatatu," baba yake akajibu kutoka bandani. "Kama umesimama tu, shika hayo majani uufunge huo mti. Unasikia baridi."

Deo akavua viatu vyeupe, akaviweka juu ya msumeno, akaanza kuufunga. Alifunga vibaya. Wazee watano walimwelekeza kwa pamoja mpaka akarudia mara tatu.

Mitoma imesimama mpaka leo. Pochi tuliziacha. Kwenye sendofu haturuhusiwi Kashozi, msijaribu.

Sasa lile la mwisho, ndilo hasa lililonifanya niandike. Kitambaa cha Ta Byabato kiko rafu ya juu, kimefungwa na kamba ya mgomba. Kiko kwetu kwa sababu mkewe, Ma Agripina, alisema kikiingia nyumbani mwake yeye anatoka. Kila Jumamosi mzee anakuja kukikagua. Mnakishusha, mnakikunjua juu ya meza, mnamwacha. Atatafuta panya, hakuna panya. Atakijaribu begani mbele ya kioo cha Bibi Zarina, na Bibi Zarina atamwambia amekonda, hela za upana wote huo zimepotea. Wao wanaruhusiwa. Nyie akikishika, nyamazeni. Najua ninyi wawili mna midomo, nimewalea. Nyamazeni tu.

Ikipita Jumamosi hajaja, na ya pili hajaja, msimsubiri mtu kuwapigia simu. Kishusheni, mkikung'ute, mkipeleke Kashozi nyie wenyewe, na mniite hata kama niko kwenye mtihani wa fizikia. Hasa kama niko kwenye mtihani wa fizikia.

Ila wiki iliyopita alikuja, na mvua yote ile. Na mtamzoea: kabla hajaingia huinama mlangoni, akauliza kama maiti amefika. Hapo, na hapo tu, mnaruhusiwa kufungua mdomo. Mwambieni bado hajafika, Ta.